Somo: Kuitembelea Korintho ya Kale

Kabla ya kusoma somo hili, soma Matendo ya Mitume sura ya 18, mstari wa 1 hadi wa 18, kisha Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 8 na ya 11. Biblia na iwe karibu nawe, maana tutaifungua tena.

Ndugu wasomaji, siku hizi si ajabu kusikia kwamba Mkristo wa mtaa fulani amekwenda kuhiji. Wengi huenda Yerusalemu, na wengine hupitia Ugiriki kuiona miji aliyohubiri Mtume Paulo. Mara nyingi nauli yake imechangwa na watu wengi, na akirudi husimamishwa mbele ya kanisa aeleze aliyoyaona. Atakayoyasema siku ile yataaminiwa. Watoto wa kipaimara watayaandika katika madaftari yao, na baada ya miaka ishirini watayafundisha kwa watoto wengine. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya watu wa namna mbili: yule atakayekwenda, ili ajue atazame nini, na yule atakayebaki, ili ajue amwulize nini mwenzake akirudi. Nimeichagua Korintho kwa sababu hakuna mji wa Wayunani unaotajwa zaidi katika mahubiri yetu, wala hakuna mji ambao mawe yake yamesemewa mambo mengi kuliko huu.

Kutoka Athene mpaka Korintho ni kama kilomita 80 kuelekea magharibi. Kabla hujafika, basi litasimama darajani, na abiria wote watashuka kupiga picha. Chini ya daraja umepita mfereji uliochongwa katika mwamba, urefu wake zaidi kidogo ya kilomita 6, upana wake majini kama mita 21 tu, na kuta zake zimesimama wima pande zote mbili, mahali pengine kufika karibu mita 80. Anayeogopa kimo asiegemee ukingo. Ni kazi ya ajabu, lakini kumbuka kwamba Paulo hakuiona. Mfereji huu ulifunguliwa mwaka 1893. Kaisari Nero alijaribu kuuchimba mwaka 67 B.K., na mwandishi Yosefo asimulia kwamba mateka 6,000 wa Kiyahudi walipelekwa kufanya kazi hiyo. Nero alipokufa kazi ikaachwa.

Alichokiona Paulo ni shingo ya nchi, bahari huku na bahari huku, na watu wakihangaika kuvusha mizigo katikati. Tangu karne ya 6 K.K. ilikuwako njia ya mawe iliyoitwa Diolkos, ambayo juu yake mizigo, na mara nyingine hata vyombo vyenyewe, vilikokotwa kutoka bahari moja hadi nyingine ili mabaharia wasiizunguke rasi ya kusini yenye dhoruba. Kipande chake chaonekana mpaka leo karibu na mdomo wa magharibi wa mfereji. Ukiisha kuiona shingo ile umekwisha kuelewa kwa nini Korintho ilikuwa tajiri. Mji ulikuwa na bandari mbili: Lechaion upande wa magharibi kwa safari za Italia, na Kenkrea upande wa mashariki kwa safari za Efeso na Shamu. Kila mzigo ulilipiwa ushuru, na kila habari ilipita hapo. Mtu aliyetaka neno lake lifike mbali alichagua vyema kukaa hapo mwaka na nusu.

Sasa jambo la kuangalia kabla hujakata tikiti. Korintho ya leo si Korintho ya Paulo. Mji wa leo uko pwani, ulijengwa baada ya tetemeko la nchi la mwaka 1858, na tetemeko la mwaka 1928 likaubomoa tena. Magofu yako kama kilomita 7 kutoka hapo, katika kijiji kilicho chini ya mlima. Niliwaona mabibi wawili wakizunguka mji mpya wakiutafuta ukumbi wa Galio kati ya maduka ya viatu! Vaa viatu vyenye soli nzuri, maana marumaru huteleza, chukua kofia na maji, na ukiweza nenda asubuhi.

Kitu cha kwanza kuonekana ni nguzo saba nene za hekalu, ambalo kwa kawaida huitwa hekalu la Apolo. Huyu ni mungu wa Wayunani, si Apolo mwalimu anayetajwa katika Waraka. Lilijengwa katikati ya karne ya 6 K.K., na kila nguzo ni jiwe moja zima. Nguzo zilikuwa 38. Hapa hatuna shaka: Paulo alipofika hekalu hili lilikuwa na umri wa miaka karibu 600, na alilipita kila alipokwenda sokoni.

Lakini karibu kila kitu kingine unachokiona hapo si cha Wayunani. Mwaka 146 K.K. jemadari wa Kirumi aitwaye Mummius aliuangamiza mji, na kwa miaka mia hivi ukabaki mahame, wakikaa watu wachache tu. Mwaka 44 K.K. Julio Kaisari akaagiza ujengwe upya, akapelekwa watu kutoka Rumi, wengi wao watumwa waliokombolewa. Hawa walikuwa watu wasio na ukoo wa kujivunia, nao wakatajirika upesi kwa biashara. Ndiyo maana maandishi ya mawe ya karne ya kwanza yaliyopatikana mjini karibu yote ni ya Kilatini, ingawa barabarani watu walisema Kiyunani. Na ndiyo maana katika kanisa lile twakuta majina kama Fortunato, Krispo, Gayo na Tito Yusto, ambayo ni majina ya Kirumi. Paulo anapowakumbusha kwamba si wengi wao waliokuwa wa ukoo bora, asema na watu waliojua sana maana ya neno hilo.

Kutoka hekaluni shuka mpaka uwanja mkubwa wa mji. Katikati yake, upande wa kusini, kuna jukwaa la mawe. Kiongozi wa watalii atasimama hapo, atakohoa kidogo, naye atasema: hapa ndipo Paulo aliposimamishwa mbele ya Galio. Kuna na kibao cha marumaru chenye maneno ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Watu hunyamaza; wengine hulia. Sisemi wasilie. Lakini tuyapange mambo kama yalivyo. Kwamba Galio alikuwa liwali wa Akaya, hilo ni hakika, na ushahidi wake haukutoka Korintho bali Delphi, ng'ambo ya ghuba, ambako vipande vya jiwe vilipatikana vyenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio kwa jina na kwa cheo. Barua ile ni ya mwaka 52 B.K. hivi. Kwa jiwe lile peke yake twaweza kusema kwamba Paulo alikuwa Korintho kati ya mwaka 50 na 52, na kutoka hapo twahesabu miaka ya safari zake nyingine, mbele na nyuma. Kwamba jukwaa hili lilikuwa mahali pa wakuu kuwahutubia watu, hilo nalo lina msingi mzuri, na Wakristo wa baadaye walijenga kanisa juu yake. Lakini kwamba kesi ile ilisikilizwa hapa hasa, na si ndani ya mojawapo ya kumbi za hukumu zilizokuwa kando ya uwanja, hilo ni dhana. Ni dhana nzuri, lakini mwenye kuisimulia kanisani aseme, "Wanadhani ilikuwa hapa."

Hatua chache kutoka uwanjani utaiona barabara pana iliyosakafiwa kwa mawe, iendayo bandari ya Lechaion, na kando yake chemchemi iitwayo Peirene. Matao ya mbele yalijengwa na kupambwa mara nyingi, lakini maji yenyewe yangali yakipita chini ya mwamba, na ukisimama kimya utayasikia. Mahali hapa watalii hupapita upesi mno. Akila na Prisila walihitaji maji kama watu wote, na wachotaji maji ndio wapelekao habari mji mzima; mwenye kujua kisima cha kijiji hahitaji kuelezwa zaidi.

Jiwe jingine lenye sifa liko karibu na jumba la michezo ya kuigiza, nje kidogo ya mahali pa tikiti. Ni sakafu ya uwanja mdogo yenye herufi kubwa, urefu wake kama sentimeta 18, ambazo zamani zilijazwa shaba. Ilipatikana mwaka 1929. Maneno yake ya Kilatini yana maana kwamba Erasto aliisakafu mahali hapo kwa fedha yake mwenyewe, kwa ajili ya kupewa cheo cha msimamizi wa mji. Sasa fungua Warumi 16, mstari wa 23. Paulo akiandika kutoka Korintho ataja mtu aitwaye Erasto, mwenye kazi ya serikali ya mji. Je, ni yeye? Wako wataalamu wasemao ndiye, na wako wasemao jiwe ni la karne ya pili, na ya kuwa cheo kilichotajwa na Paulo kwa Kiyunani si lazima kiwe kile cha jiwe. Tena mwanzo wa jiwe umevunjika, hata jina lenyewe laweza kuwa refu zaidi. Mimi moyo wangu wapenda sana iwe ndiye, na kwa sababu hiyo hiyo najihadhari.

Katika jumba la makumbusho, ambalo liko ndani ya eneo hilo hilo, kuna mambo mawili ya namna hii. La kwanza ni jiwe la juu ya mlango lenye herufi za Kiyunani zilizochongwa kwa mkono usio hodari, kuonyesha kwamba lilitoka katika sinagogi la Waebrania. Wengi hulipiga picha wakisema ni mlango aliopita Paulo. Hapana, herufi zake zaonyesha ni la karne kadhaa baada yake. Lathibitisha kwamba Wayahudi walikaa Korintho siku nyingi, na hilo latosha. La pili ni viungo vya mwili vilivyofinyangwa kwa udongo: mikono, miguu, masikio, macho, matiti. Wagonjwa waliviweka mbele ya Asklepio, mungu wa uganga, kumshukuru au kumwomba. Nimesikia ikihubiriwa kwamba Paulo aliviona hivi ndipo akaandika sura ya 12 juu ya viungo vingi na mwili mmoja. Vitu hivi ni vya karne ya 5 na ya 4 K.K., navyo vilikuwa vimekwisha kufukiwa muda mrefu kabla Paulo hajazaliwa. Mhubiri anaweza kutumia mfano huo kuwafahamisha watu, lakini asiseme Paulo aliviona.

(Ukiingia humo, jua kwamba usiku mmoja wa Aprili mwaka 1990 wezi walivunja jumba hili wakachukua vitu zaidi ya 270. Vingi vilipatikana mwaka 1999 huko Miami, Marekani, vimefichwa ndani ya masanduku ya samaki.)

Pamoja na hayo, yako mawe yanayosema sana, nayo ndiyo yasiyopigwa picha. Hekalu la Asklepio liko kaskazini, ukingoni mwa mji wa kale. Chini yake kuna vyumba vitatu vya kulia chakula, kila kimoja chenye nafasi ya vitanda 11 vya kuegemea vikizunguka ukuta, meza ndogo mbele yake, na mahali pa moto katikati. Vyumba hivi vilijengwa katika karne ya 4 K.K., na wachimbaji hawakubaliani kama vilitumika bado siku za Paulo. Lakini desturi yenyewe ilikuwapo. Waraka wenyewe, sura ya 8 mstari wa 10, ndio shahidi. Simama hapo utafakari. Mtu ameponywa, au mtoto wake ametimiza umri, naye awaalika ndugu na marafiki kula. Mahali pa karamu ni kwa mungu wake, na nyama ni ya sadaka. Mkristo mpya ni shemeji yake, au fundi wake, au mdeni wake. Akikataa, amevunja undugu. Akienda, yule Mkristo mwenzake aliyetoka katika ibada ile jana na juzi atamwona ameketi hapo, naye atajikwaa.

Sokoni nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Vipande vya jiwe la Kilatini vyalitaja soko la nyama la mji, na nyama ya madhabahuni iliweza kufika kwenye meza za wauzaji bila alama yo yote. Msomaji wa Ulaya huisoma sura ya 8 kama habari ya kale iliyokwisha. Sisi sivyo. Katika nyumba zetu swali la nyama ya tambiko la ukoo lipo: nani ale, nani akae kando, na mjomba atasema nini. Nilipokuwa nafundisha wanafunzi wa ualimu, sura hii haikuhitaji picha ukutani. Angalieni basi jinsi Paulo asivyotoa amri moja ya mkato. Sokoni, nunua usiulize. Nyumbani kwa rafiki, kula ulichowekewa. Lakini akitokea mtu akakuambia kwamba hii ni ya sadaka, acha kwa ajili yake huyo. Na kuketi katika meza ya sanamu, katika sura ya 10, akataza kabisa. Ukiisha kuona vyumba vile utafahamu kwamba alikuwa akitenganisha mahali na mahali, mtu na mtu.

Ushahidi mwingine wa chakula ni wa nyumba. Mahali paitwapo Anaploga ilichimbwa nyumba ya tajiri. Chumba chake cha kulia kina mita 5.5 kwa 7.5, na ukiweka vitanda vya kuegemea watatosha watu tisa, labda kumi na wawili. Ua wa ndani wachukua wengine thelathini au arobaini, wakibanana. Hatujui kwamba kanisa lilikutana katika nyumba hii. Ni kipimo tu cha nyumba za watu wenye uwezo. Lakini shika kipimo hicho ukasome sura ya 11 kuanzia mstari wa 17. Mwenye nyumba huwaingiza chumbani rafiki zake, walio na nafasi ya kuja mapema. Watumwa na wapagazi wa bandarini hufika jua limekwisha kuchwa, wakaketi uani, na chakula kimekwisha. Huyu ana njaa na huyu amelewa, na wote wadai wamekuja kwenye Meza ya Bwana. Yamkini hakuna aliyekusudia ubaya. Nyumba yenyewe iliwagawa. Wazee wa kanisa watakaosoma hapa wajiulize siku ya mtakatifu wetu mlinzi nani hula ndani kwenye meza zenye vitambaa na nani hupewa sahani chini ya mwembe, na kama kuna mama aliyepika tangu alfajiri akakuta sufuria tupu.

Juu ya yote hayo umesimama mlima wa Acrocorinth, mita 575 kutoka usawa wa bahari. Gari hufika mpaka lango la ngome. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu. Kuta ni za zama nyingi, za Wayunani, Warumi, Wafranki, Waveneti na Waturuki, na kutoka kileleni zaonekana bahari zote mbili. Huko juu lilikuwapo hekalu la Afrodite, na hapa ndipo wahubiri wengi hutaja makahaba elfu moja wa hekalu walioshuka mjini kila jioni. Asili ya habari hii ni mwandishi Strabo, naye alisema juu ya Korintho ya zamani, ile iliyoangamizwa mwaka 146 K.K. Wataalamu wengi wa leo wana shaka hata kama ilikuwa kweli kwa mji ule. Ukilitazama eneo la hekalu lenyewe utashangaa jinsi lilivyo dogo. Mji wa bandari mbili ulikuwa na uasherati wake bila shaka, na Paulo ataja wazi. Lakini tukiwasingizia Wakorintho dhambi za ajabu twajipa nafasi ya kusema sisi si kama wao.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Isthmia, mahali pa michezo iliyofanyika kila mwaka wa pili. Utaona bado sakafu ya mawe yenye mifereji ya kamba zilizotumika kuwaachilia wakimbiaji kwa pamoja. Taji ya mshindi ilikuwa ya majani ya msonobari, au ya majani ya mboga yaliyonyauka, hivyo sura ya 9 inapotaja taji iharibikayo haitii chumvi. Kisha shuka Kenkrea. Hakuna tikiti wala kiongozi wa watalii, na wenyeji huoga baharini kati ya mawe ya gati la kale, maana nchi ilididimia na sehemu ya bandari iko chini ya maji. Hapa Paulo alinyoa kichwa kabla ya kupanda chombo kwenda Shamu. Hapa alikaa Fibi, mhudumu wa kanisa, ambaye Paulo amsifu mbele ya Warumi kwa msaada aliowapa wengi, na wengi huamini kwamba ndiye aliyeuchukua Waraka ule mpaka Rumi. Hakuna jiwe lenye jina lake.

Kwa vikundi vitakavyolisoma somo hili nyumbani: fungueni Warumi 16, mstari wa 21 hadi 23, mwandike majina yote ya watu waliokuwa na Paulo Korintho siku ile, na kando ya kila jina andikeni kazi au sifa yake kama imetajwa. Kisha tafuteni ni yupi kati yao aliyeshika kalamu.